Msumari wa Fundi Kiwiko

Ngazi za mnara zilikuwa mia moja na kumi na nne, na kwa miaka ishirini na sita Mama Ngazi alizifagia kila asubuhi kutoka juu kwenda chini. Jina hilo hakuzaliwa nalo, lakini hata mumewe alikwisha kulizoea, na barua za halmashauri zilimjia hivyohivyo: Kwa Mama Ngazi, Mnarani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kurithi na goti la kushoto lililoanza kumgombeza kila alipofika ngazi ya sabini. Naye alilijibu. "Nyamaza, zimebaki arobaini na nne," aliliambia, na wageni waliopanda nyuma yake walidhani wanaambiwa wao, wakanyamaza.

Wageni walikuja kutazama. Juu kule, penye kengele, uliona mji wote: mapaa ya mabati, soko, daraja, tanuri za matofali kando ya mto, na ukigeuka uliona bonde zima unakotoka mto wenyewe. Lakini swali lao la kwanza halikuhusu hayo. Waliliuliza wakiwa bado chini, shingo zimewakaza kwa kutazama juu: "Mbona umepinda?"

Na ulikuwa umepinda kweli, tena bila aibu. Kuanzia chini mpaka urefu wa kama watu watatu, mnara uliinama upande wa mawio. Kutoka hapo ukanyooka wima mpaka kileleni, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba anatazamwa. Ukiwa barazani kwa kinyozi, kule mjini, uliona kiwiko cha mkono kabisa. Ndiyo maana mji mzima uliuita Kiwiko, na aliyeujenga, baba yake Mama Ngazi, akaitwa Fundi Kiwiko mpaka anaingia kaburini. Jina alilitunga kinyozi, ambaye alimtungia kila mtu jina na kusahau lile la kweli.

Mama Ngazi alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza ya kazi. "Ardhi ilisogea," alisema, akielekeza kwa ufagio. "Baba aliujenga umenyooka kama rula. Mwaka haukupita, kilima kikasogea."

Jibu hilo lilikuwa uongo mtupu. Alilipokea kwa mama yake pamoja na vyombo vya arusi, na alilitunza vizuri kuliko vyombo.

Sasa lazima nieleze mnara ulikotoka, maana haukujengwa kwa mapambo. Miaka arobaini na mitano iliyopita, mchana kweupe, mto uliushukia mji. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu kabisa ya bonde. Mjini jua lilikuwa linawaka na watu wako sokoni na shughuli zao. Aliyeyaona maji yakija alikuwa mtu mmoja tu, mchunga mbuzi aliyekuwa kilimani. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Lakini kutoka kilimani hadi sokoni sauti ya mtu haifiki, hata awe na mapafu ya namna gani. Walikufa watu thelathini na wanane. Mmoja wao alikuwa mdogo wake mama yake Mama Ngazi, binti wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa ameshuka sokoni kununua vifungo vya gauni.

Mji ukakata shauri. Hawakutaka sanamu. Walitaka kitu chenye macho na sauti: mnara wa kuwakumbuka waliokufa, wenye kengele juu, ili anayeliona bonde aweze kuwawahi walio chini. Wakakubaliana pia kwamba mawe ya kwanza yaletwe na wafiwa wenyewe. Kila nyumba iliyofiwa ilichagua jiwe mtoni, mtoni kulekule, ikalipandisha kilimani kwa mikono na kulichonga alama yake. Mama yake Mama Ngazi alilibeba la mdogo wake kichwani, na kila aliyetaka kumpokea alifukuzwa. Mawe hayo thelathini na manane ndiyo yaliyoingia kwenye mistari ya chini.

Kazi ya kujenga alipewa baba yake Mama Ngazi, na hakuna aliyebisha. Alikuwa mwashi hodari, amejenga shule, zahanati na nusu ya nyumba za mji, na hakuna hata moja iliyopinda. Tatizo lilikuwa moja: hakuwahi kujenga juu ya kilima. Kule bondeni, fundi ananing'iniza timazi, kile kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, na uzi unamwonyesha kama ukuta umesimama wima. "Uzi hausemi uongo," baba alizoea kuwaambia vibarua wake. Kilimani uzi ulisema uongo.

Kule juu upepo unavuma kutoka upande mmoja tu, wa mawio, tangu asubuhi hadi jioni. Baba alisimamisha nguzo ndefu, akaning'iniza juu yake uzi mnene wa katani wenye timazi jepesi, lile alilotumia kwa nyumba za kawaida. Upepo ukausukuma uzi kidogo na kuushikilia hapo kutwa. Ungetikisika, fundi angeshtuka. Haukutikisika, akauamini. Mstari juu ya mstari, ukuta ukafuata uzi ulioinamishwa na upepo, mpaka mchana mmoja upepo ulipokatika ghafla. Uzi ukarudi wenyewe mahali pake, taratibu, na fundi akaona pengo la shubiri nzima kati ya uzi wake na ukuta wake.

Kesho yake alikuja na timazi jingine, zito la kilo tatu, na uzi mwembamba, na ndoo ya maji. Timazi akalizamisha ndani ya ndoo. Maji yakalituliza, na upepo haukupata pa kushika. Kuanzia mstari huo mnara ukanyooka. Vibarua walitazamana, lakini fundi hakufungua mdomo, si siku hiyo wala siku nyingine, na ile sehemu iliyopinda hakuigusa.

Watu wakasema kwa niaba yake. Walisema amezeeka, ingawa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Walisema macho yameingia ukungu. Kinyozi alisema fundi alianza kazi kabla ya chai. Haya yote mkewe aliyavumilia, mpaka siku mwanamke mmoja sokoni alipomwambia mbele za watu kwamba mumewe alijenga amelewa. Fundi hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mkewe akatua kapu chini, akafunga kibwebwe, na kutangaza kwa sauti iliyofika mpaka darajani: "Ardhi imesogea! Mume wangu hakukosea!" Nani angepanda kwenda kupima? Tangu siku hiyo ardhi ikawa imesogea.

Ukweli Mama Ngazi aliupata kwa baba yake mwenyewe, miaka miwili kabla hajafa. Kila mwaka, siku ile ya mafuriko, mzee alikuwa akipanda mnarani peke yake na mfuko mkononi, akijifungia ndani kwa muda. Mwaka huo mikono ilikuwa inamtetemeka, akamwita binti yake amsaidie. Chini ya sakafu ya juu kulikuwa na ndoano ya chuma. Alifunga uzi hapo, akaliteremsha timazi zito kupitia uwazi wa katikati ya ngazi, taratibu, mpaka likafika chini kabisa. Na pale chini, katikati ya mawe ya sakafu, kulikuwa na msumari mnene wa shaba, na kichwani mwa msumari kishimo kidogo. Ncha ya timazi ilitulia juu ya kishimo hicho sawasawa.

"Niliupigilia siku tuliyomaliza," alisema baba. "Ncha ikikaa hapa, mnara haujasogea. Siku utakayoiona imetoka, hata kwa upana wa ukucha, ufunge mlango na usimruhusu mtu kupanda. Kupinda niliupinda mimi. Kuua watu hapana."

"Kwa nini hukubomoa pale chini ukaanza upya, baba?"

Mzee alikuwa anakunja uzi, na aliendelea kuukunja. "Ningebomoa nini? Saruji ilikuwa imeshika. Kung'oa jiwe ilikuwa ni kulivunja. Na jiwe la mama yako mdogo liko mstari wa sita. Mama yako aliliweka pale kwa mikono yake, na siku hiyo ndiyo siku aliyolala usingizi, mara ya kwanza tangu mafuriko. Nimwambie nimelivunja kwa sababu mumewe hajui upepo?" Kisha akaongeza: "Usimwambie. Atasema nimechekwa kwa ajili yake."

Basi hakumwambia. Na mwaka wa tatu baada ya mzee kufa, halmashauri ilipoleta mafundi kumwaga sakafu mpya ya saruji, Mama Ngazi alisimama mlangoni na ufagio wake akautazama msumari ukifunikwa. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alinyamaza, na nisimpendelee, alinyamaza kwa sababu aliona nafuu. Siri ilikuwa imepata kifuniko. Timazi akalipeleka nyumbani, ambako mumewe, fundi cherehani, alilifanya la kukandamizia vitambaa visirushwe na upepo wa feni.

Hayo yalikaa miaka kumi na saba. Kisha akaja mhandisi.

Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye viatu visivyofaa kilima na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Alipima kutwa, akapanga namba zake kwenye daftari, halafu akamwuliza mtunza mnara kwa heshima kabisa: "Mama, unajua ulianza kuinama lini?"

Naye, bila hata kusimamisha ufagio, akajibu: "Ardhi ilisogea, mwanangu. Mwaka haukupita."

Kijana akaandika.

Wiki tatu baadaye barua ikabandikwa mlangoni. Mnara ungefungwa, na mwisho wa mwezi ungebomolewa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba umeinama kupita kiasi. Ya pili Mama Ngazi aliisoma mara tatu, ameketi kwenye ngazi ya kwanza: "Kwa maelezo ya mtunza mnara mwenyewe, ardhi ya kilima ilisogea baada ya ujenzi, na hakuna uthibitisho kwamba imeacha kusogea."

Mnara ule ulikuwa umekwisha kupiga kengele ya kweli mara mbili. Mara ya pili aliipiga yeye, miaka kumi na mmoja iliyopita, na wafyatua matofali ishirini na sita wakapanda ukingo wa mto kabla maji hayajafika. Hakukuwa na mazishi hata moja. Na sasa mnara huohuo alikuwa ameuhukumu mwenyewe kwa ulimi wake, tena bila kuacha kufagia.

Nyumbani, mumewe aliisoma barua na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja.

"Kumbe shahidi wao ni wewe," alisema.

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nakuuliza tu. Ule msumari bado upo?"

"Upo chini ya saruji. Kama mnara haujasogea, timazi litaning'inia juu yake palepale. Tukipasua, tutaukuta. Kama umesogea..." Hakumaliza. Miaka kumi na saba hakuna aliyepima. Huenda uongo wa mama ulikuwa umekuja kuwa kweli bila mtu kujua.

"Na ili wakuelewe kwa nini msumari upo, itabidi useme nani aliupinda mnara."

"Mbele ya mji mzima. Mbele ya kinyozi!"

Fundi cherehani aliinua suruali iliyokatwa nusu na kulitoa timazi chini yake. "Hii ni suruali ya mwalimu mkuu," alisema. "Atavumilia miguu isiyolingana. Chukua."

Lakini kabla ya mji kulikuwa na mtu mmoja wa kuambiwa kwanza. Mama yake alikuwa na miaka themanini na minne, masikio mazima, kauli bado nzito, na chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya binti yake. Alimkuta kitandani anachambua mchele kwenye ungo, redio inaongea peke yake. Mama Ngazi akaizima. Akasema yote bila kupumzika: barua, msumari, na atakachowaambia watu kesho yake, kwani mwenyekiti wa halmashauri na mhandisi wangekuja kilimani kukagua kabla ya kubomoa.

Mkono wa yule bibi ulisimama kwenye mchele.

"Utamvua nguo baba yako," alisema. "Miaka yote hii nimemsitiri. Nimegombana na watu, nimekosana na shoga zangu. Halafu wewe, mwanangu wa kumzaa, utasimama useme alikosea?"

"Alikosea, mama."

"Najua alikosea! Unadhani sijui? Niliona uzi unarudi, mimi nilikuwa nampelekea chakula! Nilimngoja abomoe. Kesho yake nikangoja. Nikajua ana kiburi, hataki watu wamwone anabomoa kazi yake. Basi nikamfunika na kiburi chake, kwa sababu ni mume wangu."

Mama Ngazi alijua kwamba hapo hakuna pa kujificha tena. Alipiga magoti, goti bovu na zima, akaushika ule mkono wenye chembe za mchele.

"Halikuwa kiburi, mama. Lilikuwa jiwe la mama mdogo. Mstari wa sita. Angebomoa angelivunja. Alisema siku uliyoliweka ndiyo ulilala. Akachagua kuchekwa. Akanikataza nisikuambie, na mimi sikukuambia, na hapo nilikosea kuliko yeye."

Bibi aliutoa mkono wake, akaurudisha kwenye mchele, kisha akamwambia binti yake awashe redio atoke.

Kesho yake saa nne asubuhi kilima kilijaa. Habari za kubomoa huwaleta watu kuliko habari za kujenga. Mwenyekiti alikuja na koti, mhandisi na chombo chake, wafyatua matofali na mikono yao myekundu, mwalimu mkuu na suruali yake ya zamani, na kinyozi, ambaye alikuwa amefunga duka kabisa ili asikose neno. Mama yake Mama Ngazi peke yake hakuonekana. Asubuhi alikuwa amegomea hata chai.

"Mama Ngazi," alisema mwenyekiti, "sote tunaupenda mnara. Lakini usalama ni usalama. Na siku hizi kuna simu."

"Yangu haina chaji tangu juzi," alisema kinyozi.

Mama Ngazi alipanda ngazi ya kwanza ili aonekane. Ulimi ulikuwa mzito kama umefungiwa lile timazi. Akajikaza.

"Kwa miaka ishirini na sita nimewadanganya," alisema. "Nimewaambia ardhi ilisogea. Ardhi haikusogea. Baba yangu alikosea."

Hata kinyozi alisahau kufunga mdomo. Mama Ngazi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ulimi ulivyofunguka: upepo, uzi mnene, siku upepo ulipokatika, ndoo ya maji. Akaeleza kwa nini fundi hakubomoa, na hapo wazee waliobeba mawe yale wakiwa vijana walianza kuvua kofia, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Mwishoni akaeleza msumari.

Mhandisi alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa. "Hebu nielewe, mama. Unasema kuna alama chini ya hii saruji, na hujui iko wapi?"

"Sijui. Sakafu yote ni ya kijivu. Timazi ndilo litakalotuonyesha. Likituonyesha mahali pasipo na msumari, basi mnara umesogea na wewe una haki. Nitakushikia ngazi mwenyewe ukibomoa."

Kijana akavua viatu vyake visivyofaa. "Twende," alisema.

Walipanda wote wawili mpaka kwenye ndoano, goti likinung'unika na kupuuzwa. Mama Ngazi alifunga uzi kama alivyofundishwa, mizunguko miwili na fundo, akaliteremsha timazi kwenye ule uwazi mrefu wa katikati, uzi ukimteleza vidoleni. Waliposhuka lilikuwa linayumba kidogo juu ya saruji, huku na huku, kwa sababu mlangoni walikuwa wamejazana watu ishirini.

"Fungeni mlango!" aliamuru. "Na wewe kinyozi, ama uache kuongea ama ukapumulie nje."

Mlango ukafungwa. Timazi likayumba kidogo, likayumba kidogo zaidi, likatulia. Alipiga magoti akaweka alama ya chaki chini ya ncha, msalaba mdogo mweupe. Mhandisi akainama, akaikagua kutoka pande mbili, akatikisa kichwa kukubali. Wakalifunga timazi pembeni. Mama Ngazi akatoa tindo ya baba yake na nyundo, akaanza kupasua.

Saruji ya halmashauri, pamoja na mengi tunayoisema halmashauri, ilikuwa imara. Vipande viliruka. Alichimba upana wa kifuniko cha sufuria, kina cha kidole kimoja, na chini yake ilikuwa saruji. Kidole na nusu, saruji. Jasho lilimwingia machoni. Mwenyekiti alitazama saa yake, kisha akaitazama tena kana kwamba inaweza kumsaidia.

"Basi, mama," alisema kwa upole, na upole huo ulimwuma kuliko dharau. "Umejitahidi."

"Sakafu hii ni nene," alisema mhandisi ghafla, naye akapiga magoti pale vumbini na suruali yake safi. "Bado hatujafika kwenye mawe. Endelea, mama. Hebu niipe nyundo nikusaidie."

"Nyundo hii nakupa baada ya mimi kufa," alisema Mama Ngazi, akapiga.

Pigo la tatu lilitoa sauti tofauti. Hakuna mwashi wala binti wa mwashi asiyeijua: sauti ya chuma kikigonga kisicho jiwe. Aliweka tindo kando. Akafuta vumbi kwa vidole, akalipuliza, akafuta tena kwa pindo la nguo yake. Katikati kabisa ya shimo, chini ya pale msalaba wa chaki ulipokuwa, kitu cha manjano kikaangaza.

Alilifungua timazi, akaongeza uzi upana wa vidole viwili, akaliachia lishuke ndani ya shimo. Lilizunguka mara moja, taratibu. Ncha ikatulia juu ya kichwa cha msumari, ndani ya kile kishimo, mahali palepale Fundi Kiwiko alipoiacha miaka arobaini na mitatu iliyopita.

Mhandisi alilala kifudifudi sakafuni ili aone vizuri. Alipoinuka, vumbi limempaka mpaka nyusi, alisema maneno ambayo mji ungeyarudia kwa miaka: "Haujasogea hata unywele. Nimepima majengo mengi. Hakuna fundi aliyewahi kuniachia shahidi kama huyu."

Ndipo kelele ikapanda. Wafyatua matofali walimbeba mhandisi juujuu, wakagundua wamekosea mtu, wakamshusha. Mwenyekiti alikunja barua yake mara nne na kuitia mfukoni. Kinyozi, kwa furaha, alikwisha kufika ngazi ya thelathini akienda kupiga kengele.

"Usithubutu!" Mama Ngazi alimfokea. "Mto haujajaa!"

Akashuka kwa adabu, watu wakimcheka.

Mlango ulipofunguliwa kuruhusu hewa, nje kulikuwa na mkokoteni wa matofali, na juu yake, kwenye kiti cha jikoni kilichofungwa kwa kamba, ameketi bibi. Aliyemsukuma kutoka chini mpaka juu, shati limemganda mgongoni, alikuwa mkwewe, fundi cherehani. Bibi hakuwa amekanyaga kilima kile tangu siku mnara ulipomalizika. Alikuwa haoni sababu ya kupanda kwenda kuitazama aibu yake. Watu wakampisha.

"Tumeukuta, mama," alisema Mama Ngazi, vumbi mwili mzima, anacheka na kulia kwa pamoja. "Uko palepale."

"Nimesikia. Wamepiga kelele mpaka bondeni." Bibi aliteremshwa. Alikwenda mwenyewe, kwa fimbo, akiuzunguka mnara upande wa mawio, akihesabu mistari kwa kidole kutoka chini. Kwenye ule wa sita kidole chake kilisimama. Alama ilikuwepo bado, vitundu vinne vilivyochongwa kama vya kifungo, alivyovichonga yeye. Akaweka kiganja chote juu yake, kwenye ukuta ulioinama, na ukuta ukawa umeinama kumwelekea yeye.

"Mimi ndiye niliyeisogeza hii ardhi," aliwaambia watu waliosimama nyuma yake. "Kwa mdomo wangu. Leo nairudisha. Mume wangu alikosea, na kosa lake nimelishika hapa mkononi, na sitaki mtu yeyote anyooshe kitu." Kisha akamgeukia kinyozi. "Na lile jina lako. Sema."

"Jina gani, bibi?"

"Unalijua. Sema kwa nguvu."

"Fundi Kiwiko," alisema kinyozi.

"Ndiyo," alisema bibi. "Huyo ndiye mume wangu."

Barua ya kubomoa haikurudi. Iliyokuja ni nyingine, ya mhandisi, kwamba shimo la msumari lisizibwe, liwekewe kioo, na timazi literemshwe kila mwaka mbele ya watu. Fundi cherehani alinunua pasi mpya nzito ya kukandamizia vitambaa vyake, akalalamika mwezi mzima kwamba si sawa na timazi la mkwewe.

Na asubuhi ya kwanza mnara ulipofunguliwa tena, Mama Ngazi alifagia ngazi zote mia moja na kumi na nne, akafika chini, akawakuta wageni watatu wameinua nyuso, shingo zimewakaza.

"Mama, samahani," mmoja akauliza. "Mbona umepinda?"

Mama Ngazi aliuegemeza ufagio ukutani. Akajifuta mikono, ile mikono mikubwa ya kurithi, akasimama wima.

"Baba yangu alikosea," alisema. "Njooni ndani niwaonyeshe."